Upinde wa Kushoto

"Hiyo kinga ya mkono irudishe," nesi alisema. "Sitaki."

Kocha, mama mwenye duka, alibaki ameishika ile ngozi hewani. Kabla magoti hayajamgomea alikuwa akifundisha kulenga shabaha, na jina likamganda. Juu ya kaunta alishapanga upinde wa mbao wa mtu anayeanza, podo la kitambaa la kutilia mishale na kipande cha ngozi cha kulinda vidole. Wateja wa kubishia bei aliwazoea. Wa kubishia kinga, huyu ndiye wa kwanza.

"Mdogo wangu, humu dukani hakuna kitu rahisi kuliko hiki. Anayeanza bila hiki atalia."

"Kwa nini?"

"Kamba ukiiachia inarudi mbio. Ukishika upinde vibaya, na utaushika vibaya, inakuchapa hapa mpaka hapa." Akapitisha kidole ndani ya mkono wake, toka kiwikoni hadi karibu na kiganja. "Panavilia damu, bluu kama wino. Baadaye panakuwa kijani. Wiki nzima."

"Mkono gani?"

"Unaoshika upinde. Kwako wewe, wa kushoto."

Nesi aliutazama ule upinde kama mtu aliyeletewa chakula ambacho hakuagiza.

"Basi nipe wa mashoto. Ule unaoshikwa kwa mkono wa kulia."

"Dada wewe! Si umeniandikia jina lako sasa hivi kwa mkono wa kulia?"

"Jicho langu la kushoto ndilo zima."

"Ungesema mapema, ningeokoa mate." Kocha akashusha upinde mwingine ukutani. "Haya, nyoosha mikono kama unafukuza kuku, nikupime mishale."

Wa kushoto ulinyooka mara moja. Wa kulia ulipanda polepole, na nesi akauma meno. Nje jua lilikuwa kali, lakini mikono ya blauzi yake ilifika hadi kwenye viganja.

"Bega?"

"Wodini tunainua wagonjwa."

Kocha akapima toka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, akapiga hesabu kimoyomoyo. "Nakuongezea sentimita tano. Mshale mfupi ukiuvuta kupita kiasi unateleza ndani ya upinde, unakutoboa mkono. Na upinde laini unataka mshale unaopinda. Ya mbao au ya kaboni?"

"Yoyote."

"Yoyote! Mshale hauchaguliwi kama vitunguu, mama."

"Baba yangu anakuja kesho asubuhi," nesi alisema. "Lazima anikute navyo. Lazima aamini kwamba nimeanza."

Kocha akaacha utani. "Wazee hao. Wangu mimi nilimpelekea cheti, akakigeuza nyuma kutafuta kosa."

Akamchagulia mishale sita ya mbao, akaifunga kwenye nailoni. Kisha akaidumbukiza kinga kwenye mfuko wa nesi, bure, zawadi. Nesi akaitoa, akairudisha kauntani taratibu.

"Asante dada. Kweli, itaniharibia."

Kocha akabaki anajiuliza itamharibia nini.

Asubuhi ya Jumapili baba yake nesi alikaa ukingoni mwa kochi, kofia kichwani, viatu miguuni. Mkwewe, mume wa nesi, alimwamkia kwa adabu, akaenda jikoni kutengeneza chai.

"Pandisha huo mkono wa blauzi," mzee alisema.

Nesi akapandisha wa kulia. Toka kiwikoni hadi karibu na kiganja palikuwa bluu kama wino.

"Kamba ya upinde, baba. Nimeanza kujifunza kulenga shabaha, na kinga sikununua. Kila anayeanza inamchapa."

Mzee aliutazama ule mkono kwa muda mrefu. Akautazama upinde uliosimamishwa karibu na televisheni, na mishale iliyokuwa bado kwenye nailoni yake. Akashusha pumzi mpaka mabega yakalegea.

"Umenitisha, mwanangu. Nilidhani mumeo amerudia tena."

"Hajarudia, baba."

Mkwe akaleta chai, akampa mzee kikombe kwa mikono miwili. Mzee akakiweka mezani kwanza, akatoka hadi getini kumwambia dereva wa pikapu aliyokuja nayo ageuze arudi. Hakukuwa tena na mizigo ya bintiye ya kubeba.