Mpuliza Chai

Enzi hizo kila aliyekwenda Mirihi aliiachia familia roboti wa sura yake. Kwa miaka sita Bi Mwanaheri aliishi na roboti aliyepuliza chai mara tatu kabla ya kunywa, kama mumewe Shaweji kabisa.

Siku Shaweji aliporudi, aliibugia chai ikifuka moshi.

"Ulimi hauungui, Baba Zuhura?"

"Kule tulikunywa baridi, nimesahau moto ulivyo."

Roboti akaguna. "Mama Zuhura, huyo ndiye mumeo kweli?"

Mlangoni gari la kampuni ya roboti likapiga honi, na dereva akaita. "Mama, tumemfuata roboti wetu. Ni yupi?"

Bi Mwanaheri akamtazama mmoja, kisha mwingine. Akateleka birika upya, akawamiminia wote wawili.

Safari hii wote wawili wakapuliza mara tatu.