Ukuni wa Wambeti

Katika shule yetu ya misheni, asiyeleta ukuni Jumatatu hapewi githeri ya mchana. Sheria hiyo aliiweka Sista, mwalimu mkuu wetu.

Wambeti alimkabidhi Sista ukuni wake mlangoni pa jikoni. Sista akausukuma motoni, kisha akauchomoa upesi. Ulikuwa ubao uliopakwa rangi nyeupe. Ncha moja ilikuwa bado na udongo mwekundu, na karibu na ile nyingine misumari miwili iliyopinda.

"Huu ni msalaba, Wambeti. Umeutoa wapi?"

"Kwa kaburi ya mama. Kwetu kuni ziliisha."

"Na kile kipande cha kukingama, chenye jina lake?"

"Hicho nilileta ile Jumatatu ingine, Sista."

Ubao ulikuwa ukifuka moshi mkononi mwa Sista.

Wambeti akainua sahani. "Lakini leo nitakula?"