Ugonjwa wa Upande wa Baba

Mama mkwe alinyamaza katikati ya sentensi, na wote waliokuwa kwenye benchi wakakaa wima.

Alikuwa amefika kwenye maneno "damu ya kwenu" sauti ilipokatika. Macho yake yalitua kwenye ukuta wa hospitali, vidole vikachezea kifungo cha blauzi, midomo ikasogea kidogo kama ya mtu anayeonja kitu asichokipenda. Binti yake akainamisha kichwa. Mkwewe, fundi wa lifti aliyezoea kuning'inia kwenye shimo la jengo refu bila wasiwasi, akaacha kutikisa goti.

"Mlikuwa mnasemaje?" mama mkwe aliuliza hatimaye.

"Hatujasema kitu, mama," akajibu fundi.

Kimya hicho kilikuwa na historia. Katika shule aliyoiongoza mpaka kustaafu, mama mkwe hakuhitaji kiboko. Alikatiza maneno, akamtazama mtoto kana kwamba hamwoni, kisha akauliza walikuwa wanasemaje. Na watoto wakakiri makosa yao, ya wenzao, na mengine ambayo hayakuwa yametendeka. Mwalimu mkuu aliyemrithi alijaribu kumwiga, akaishia kuulizwa kama anaumwa jino. Nyumbani ilikuwa sheria: Mama akinyamaza, hakuna kufungua kinywa mpaka aendelee. Siku fundi alipokwenda kuposa alinyamaziwa mara moja tu, akajikuta anazitaja hata sigara alizovuta akiwa kijana, ambazo hakuna aliyemuuliza.

Sasa aliyekuwa anatuhumiwa ni fundi na ukoo wake. Binti yake wa pekee, aliyepewa jina la utani Kibibi kwa jinsi alivyofanana na bibi yake, alikuwa anaanguka kifafa. Mama mkwe alikwisha kutoa hukumu: ugonjwa umetoka kwa baba. Picha ya ubongo ikionyesha kwamba mtoto alizaliwa nao, mke na mtoto wangerudi kwa bibi siku hiyo hiyo, wala kusingekuwa na mtoto mwingine wa damu hiyo. Begi lao lilikuwa limekwisha kufungwa. Lilikaa miguuni pa mama mkwe.

"Baba yako mdogo alianguka harusini," alimkumbusha fundi.

"Alikuwa amelewa, mama."

"Walevi walikuwa wengi. Aliyeangukia keki ni mmoja."

Ubaya ni kwamba fundi alikuwa ameanza kuamini. Akisahau bisibisi, akiteleza kwenye ngazi, akiamka na kichwa kizito, alijiuliza kama ndiyo yenyewe. Mtu akituhumiwa kwa muda mrefu huanza kuwasaidia wapelelezi. Goti likarudia kutikisika.

"Baba Kibibi, mguu," mkewe akamnong'oneza.

Mlango ukafunguliwa, wakaitwa wote pamoja na Kibibi. Daktari wa ubongo, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyoungwa kwa plasta, alifungua picha kwenye kompyuta na kuelekeza kalamu kwenye vidoa vilivyojipanga ndani kabisa.

"Ubongo unapojengwa tumboni, chembe zake huzaliwa huku ndani, kisha husafiri mpaka juu, kwenye gamba la ubongo. Hizi hazikufika. Zilibaki njiani zikajikusanya."

"Kama waya uliokatika," akasema fundi.

"Haukukatika. Unafanya kazi, ila mahali pasipo pake. Huenda chembe hizi ndizo zinazochochea kifafa. Nasema huenda, kwa sababu wapo wenye vidoa kama hivi ambao hawajawahi kuanguka maisha yao yote."

"Kwa hiyo amezaliwa navyo," akasema mama mkwe, na mkono wake ukalishika begi.

Mke wa fundi aliuona mkono huo. Akamvuta mtoto kifuani.

"Amezaliwa navyo," daktari akakubali. "Na kabla hajaanguka, huwa anafanyaje?"

"Anazubaa," mama mtoto akajibu. "Anaacha tu alichokuwa anafanya. Ukimwita, hasikii."

"Huo ni utovu wa adabu, tusiuchanganye na ugonjwa," mama mkwe akaingilia. "Darasani niliumaliza. Wewe tuambie, daktari, vitu hivi vinarithiwa?"

"Wakati mwingine."

Fundi akatazama sakafu. Mkewe akamtazama yeye, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akamshika mkono, jinsi watu wanavyoshikana mikono kituoni wakati gari linawashwa.

"Ndiyo maana nataka kuwauliza kuhusu jamaa zenu," akaendelea daktari. "Tuanze na upande wa baba?"

"Anzia huko na umalizie huko huko," akasema mama mkwe. "Kwetu ni watu wa vichwa vizima. Marehemu mama yangu hakupata kumpigia mtu kelele; akinyamaza, hata mbwa wa jirani ananyamaza. Nami nimemrithi, aulizwe yeyote. Hakuna kwetu aliyeanguka, hakuna aliyetokwa povu, hakuna hata mmoja aliye..."

Akanyamaza.

Binti yake akainamisha kichwa. Kibibi alitaka kusema neno, baba yake akamwekea kidole mdomoni.

Daktari aliinuka, akazunguka meza. Akapitisha mkono mbele ya macho ya mama mkwe, akaurudisha, akaupitisha tena; hayakupepesa. Kisha akatazama saa yake, na hakuacha kuitazama alipomgeukia mke wa fundi.

"Huyu bibi," akauliza kwa sauti ya chini, "anatumia dawa gani?"