Herufi Iliyorukwa

Asubuhi ya zoezi la moto, nesi alibandika karatasi mlangoni mwa jengo ili kila jirani ajiandike. Safu moja ilisema WA KUBEBA, nyingine WA KUBEBWA.

Mwalimu mstaafu, ambaye goti lake lilishagoma kupanda hata kitanda, alijiandika safu ya kwanza.

"Shikamoo, Mwalimu. Umeruka herufi," nesi alimwambia kwa upole. "Wewe ni wa kubebwa."

"Marahaba, mwanangu. Miaka arobaini nimesahihisha herufi za watoto wa watu. Hiyo sikuiruka. Nina mtu wangu."

Nesi akacheka. Mzee akishika lake, ndilo hilo hilo. Angemsahihisha baadaye kwa kalamu nyekundu.

Filimbi ikalia. Majirani wakamiminika nje, watoto mgongoni, bibi wa juu kabisa akiwa kitini kama bibi harusi. Nesi akahesabu vichwa. Walipungua wawili: Mwalimu na fundi bomba, pande la mtu lililopangiwa kumbeba.

Akapanda mbio, akawakuta ghorofa ya pili. Fundi bomba, aliyenusurika moto wa kweli mwaka jana, alikuwa ameng'ang'ania chuma cha ngazi, jasho likimtiririka. Mwalimu alikuwa amemshika kidole gumba kilicholowa grisi.

"Sita," Mwalimu alisema. Mguu mkubwa wa fundi ukashuka kidato kimoja. "Vizuri sana. Baada ya sita?"

"Saba," fundi akajibu, kwa sauti ya mtoto.

Nesi alirudi chini kwa kunyata, akaifunika kalamu yake nyekundu.