Trei Moja, Mabinti Wengi

Simu ya karani Sravanthi ililia kabla hajamaliza chai yake.

"Hapo ni kwa kina Lalitha?" mama mmoja akauliza. "Nimeona wasifu wa binti. Kijana wangu ni mhandisi, futi tano na inchi kumi, hali nyama wala mayai."

"Anaosha vyombo?"

"Ati nini?"

"Samahani, mama, umekosea namba. Ya kina Lalitha ni hii." Akamsomea taratibu, akaandika kidogo daftarini, akakata.

Hiyo ilikuwa simu ya thelathini na moja tangu Jumatatu.

Mara Mama Padmaja, mwenye ofisi hii ya kutafutia watu wachumba hapa Vijayawada, akaingia akimvuta mwalimu wa kompyuta kwa mkono kama aliyekamata mwizi.

"Mwalimu, mwanafunzi wako kaniharibia! Programu yake inachapa wasifu wa mabinti wa watu, na kila wasifu una namba yake yeye! Isipotengenezwa leo, kesho asikanyage hapa."

Mwalimu Narasimham akasogeza miwani, akasoma.

"Binti, klasi, kile kiolezo cha programu, ni kama trei ya kupikia vitumbua vya idli. Trei ni moja, lakini unga unaumimina upya kila mara. Jina umelimimina kutoka nje, sawa. Umri, sawa. Urefu, nyota, sawa. Namba ya simu umeigandisha kwenye chuma! Kila binti atakayetoka humu atatoka na simu yako."

"Nisamehe, mwalimu."

"Lakini mbona somo hilihili ulipata mia kwa mia?"

"Nilisahau."

"Kichwa gani hicho, kikapu?" Mama Padmaja akadakia. "Na juzi ulinisumbua wasifu wako utatoka lini. Nilishakwambia: wateja kwanza, karani baadaye!"

Mwalimu akaifuta namba, akaweka nafasi ya kupokea ya kila mtu. Mistari miwili tu. Wakachapa wasifu wa mabinti watano kujaribia. Kila binti akatoka na namba ya kwao.

Mama Padmaja akashusha pumzi. "Haya, kazi unayo. Ushukuru."

Sravanthi akaunganisha viganja, akashukuru. Kisha akafungua daftari, akachomoa karatasi yenye picha yake na kuiweka mezani.

"Basi, mama, huu wasifu wangu mpelekee yule kijana wa simu ya ishirini na sita. Anaosha vyombo, na mama yake alicheka nilipouliza."