Gauni la Kipimo

Nyuma ya pazia la fundi, Bi Zawena alibana pumzi na kuvuta zipu ya gauni jipya. Ilifika kiunoni ikagoma.

"Limekukaa?" aliuliza Mboni, fundi wake wa miaka yote, kutoka kwenye cherehani.

"Limenikaa," alijibu, jasho likimtiririka shingoni.

Harusi ya mpwa wake ilikuwa kesho, na wanawake wote wa ukoo wangevaa sare ya zambarau. Dukani kitambaa kilikuwa kimekwisha. Bi Zawena alianza kutunga uongo wa homa ya kumlaza kitandani siku hiyo.

Hakuwa amekuja kupimwa. Alikuwa ametuma gauni la mwaka jana liwe kipimo, lililoshonwa baada ya miezi minane ya kujinyima wali na chapati, mtaa mzima ukamsifu. Tangu hedhi ikome, mwili ulikuwa umerudi wote, tena na nyongeza. Daktari alisema ni homoni. Mtaa ungesema ni ulafi.

"Geuza mshono wa ubavuni, utazame ndani," alisema Mboni.

Akageuza. Ndani ya mshono kitambaa cha ziada kilikuwa kimekunjwa, kipana kama kiganja. Upande wa pili pia.

"Ulijuaje?"

"Ulinitumia gauni, shoga yangu. Wewe mwenyewe hukuja. Toka nikupime, nifumue."

Bi Zawena akavuta pazia. Mboni, naye jasho likimtoka, akijipepea kwa kipande cha boksi, alikuwa ameshika futi ya kupimia. Bi Zawena akafumba macho, akainua mikono yote miwili, akaisubiri futi impitie kiunoni.