Risasi Kisimani

"Wapendwa wanafunzi, maabara imethibitisha kwamba kisima chetu hakina hata chembe ya risasi," alitangaza mwalimu mkuu, akainua bilauri ya maji ya kisima hicho mithili ya bwana harusi.

"Hata bunduki hatuna," ilinong'ona safu ya nyuma.

Mwanafunzi aliyebandikwa jina la Mheshimiwa, bingwa wa utani bwenini, hakucheka. Naye alidhani ni risasi za bunduki, hadi jana kitabu cha kemia kilipomwonyesha madini yenye sumu yaitwayo pia risasi, na picha ya mgonjwa mwenye ufizi wa buluu.

Mpishi, bibi aliyewaita wote wajukuu, alimtabasamia, akamwekea bilauri yake mbele. Mstari wa buluu ulipita ufizini mwake kama uliochorwa kwa kalamu.

"Mjukuu, mbona hunywi?"

"Msinywe nyote, bibi. Chupa iliyokwenda maabara niliijaza mimi kwa mzaha, kwa maji ya mvua."